Ng'ombe Wote wa Asiye na Ng'ombe

Niliposhuka basi pale Karatu, likizo ya mwaka wa pili wa chuo, sikusubiri nifike nyumbani ndipo niseme. Nilimwambia baba palepale kituoni, vumbi jekundu likiwa bado kwenye nyusi zangu, utingo akinishushia sanduku na watu wakitusikiliza bila kujificha. "Baba, nimefeli somo moja. Narudia mtihani mwezi wa tisa. Nikifeli tena, chuo basi." Nilisema harakaharaka, kwa sababu nilijijua. Kama ningepewa nafasi ya kunywa chai kwanza, ningemeza neno pamoja na chai.

Baba alilichukua sanduku akaliweka begani. Tulitembea mpaka tulipopita maduka.

"Somo gani?"

"Mantiki."

"Ndiyo kitu gani hiyo?"

"Ni kama hesabu, baba, ila za maneno. Unapima neno kama ni kweli au uongo. Kompyuta zinatengenezwa kwa hesabu hizo."

Akasimama, akanigeukia na sanduku langu begani. "Maneno? Wewe, maneno yakushinde?" Akacheka mpaka sanduku likayumba. Nilikuwa maarufu kijijini kwa mdomo wangu. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa katikati ya ugomvi. Kisha cheko likamwisha. "Walikuuliza nini hasa?"

"Mambo mengi tu, baba."

Hilo ndilo lilikuwa gumu. Kufeli ningeweza kukutangaza hata kanisani, na kweli Jumapili ile mchungaji aliniombea kwa sauti, akataja "mitihani inayomkabili binti yetu", nikatamani benchi linimeze. Lakini swali lenyewe lililoniangusha nisingeweza kulitamka mbele ya baba. Kulitamka kungekuwa kumtukana.

Mwalimu wetu wa mantiki alikuwa kijana aliyetoka kusoma ng'ambo, na alipenda kutupa mifano ya nyumbani ili tusiogope alama zake za hesabu. Siku moja aliandika ubaoni kwamba kuna mzee hana ng'ombe hata mmoja. Chini yake akaandika: ng'ombe wote wa mzee huyo wana pembe ndefu. Akauliza, kweli au uongo? Darasa likagawanyika. Akatueleza taratibu: ukisema ni uongo, niletee ng'ombe mmoja wa mzee huyo mwenye pembe fupi. Huna. Basi si uongo; na kisicho uongo, kwenye hesabu zetu, ni kweli.

Wenzangu wakaandika. Mimi nikasimama. Nikasema hiyo si kweli, hilo ni tusi.

Darasa zima liliangua kicheko. Mmoja nyuma akasema, "Dada, hapa hatujaja kuchunga." Mwalimu hakucheka, alinitazama kwa subira ya mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu, akasema mantiki haina habari na matusi. Nikakaa, masikio yanawaka. Hasira hasara, ndivyo wanavyosema, na mimi hasara yangu niliianza siku ile. Kila hatua ya somo iliyojengwa juu ya kanuni hiyo niliikataa, na karibu zote zilijengwa juu yake. Kwenye mtihani swali likarudi kwa sura nyingine, nikaandika "uongo", nikalitetea ukurasa mzima kwa mwandiko wa kugandamiza kalamu. Matokeo yalipobandikwa, jina langu lilikuwa chini, na wenzangu wakapita kando yangu wakizungumza kwa sauti ndogo kama watu walio msibani.

Wasingejua, na sikutaka wajue. Baba yangu hakuwa na ng'ombe. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ilipita kwetu nikiwa darasa la tatu ikafagia zizi lote, na mtu kwetu bila ng'ombe hata akilima ngano ya kujaza ghala, sauti yake barazani inakuwa ndogo. Baadaye ndugu mmoja wa ukoo alimpa baba ng'ombe mmoja wa kumtunzia. Hiyo ni desturi yetu ya heshima: unakunywa maziwa, samadi inakwenda shambani, na zizi halikai tupu. Kila mtu anajua ng'ombe ni wa nani, na hakuna anayesema. Ukimkuta mtu na ng'ombe zizini humuulizi ni wake au ni wa kutunziwa, kama vile humuulizi mtu ana ng'ombe wangapi.

Sasa kwenye harusi moja, watu wameshakunywa, bwana mmoja akamwambia baba kwa sauti ya kusikika ua mzima: "Naona ng'ombe zako zote mwaka huu zimenona!" Watu wakacheka. Kwa nini wasicheke? Kila mtu pale alijua baba hana ng'ombe, na ilikuwa imesemwa vizuri. Baba akaweka kibuyu chini polepole, akanishika mkono, tukaondoka kabla ya chakula. Nilimwonea aibu, na nilikuwa mdogo kiasi cha kudhani aibu ile ni yeye aliyeifanya. Ndiyo maana, miaka yote ile baadaye, mtu aliponiambia ubaoni kwamba maneno ya namna hiyo ni kweli, nilisimama.

Lakini ukaidi haulishi mtu. Likizo ile ilibidi nijifunze nilichokikataa, na pia nilikuwa na kazi ya kurudi nayo. Mwalimu alikuwa ametuambia sisi wa kurudia: tafuteni kitu huko kwenu kinachotumiwa na wengi kwa zamu. Mchore kila hali inayoweza kutokea, kila hali kwenye duara lake, na mishale ya kuonyesha hali moja inavyogeuka kuwa nyingine. Kisha andikeni masharti, mkague duara kwa duara kama masharti yanashika. Miaka ile kompyuta yenyewe ilikuwa moja chuo kizima, nyuma ya kioo, na sisi wa sapu, wa kurudia mtihani, hatukuwa watu wa kuikaribia. Tungekuwa kompyuta wenyewe, akasema, kwa kalamu na subira.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori lililopeleka mahindi kwa wafugaji wa ndani ya hifadhi, ambako kulima kumekatazwa. Mtu mwenye sauti kubwa, mpenda sifa, hasa sifa za wapwa zake. Nilipomwambia natafuta kitu cha zamu akasema, "Panda, nikakuonyeshe zamu." Tukapita getini, tukapanda msituni kwenye ukungu mpaka ukingoni mwa kreta, ambako hakuna kuona kitu ila taa za lori zenyewe. Kisha tukashuka upande wa pili, na jua likatupokea kwa kofi. Chini ni Olbalbal, bonde la vumbi na upepo. Pale palikuwa na kisima, pampu ya dizeli, na mbauti, birika refu la saruji la kunyweshea ng'ombe. Kiangazi kilikuwa kimeshika, na pampu ilikuwa inakohoa.

Makundi yalikuja kutoka upande wa juu na upande wa chini. Kundi moja linaingia, likimaliza linatoka, zamu inahamia upande mwingine. Punda wa akina mama na madebe yao walisubiri pembeni. Nikakaa juu ya gunia, nikatoa karatasi, nikaanza kuchora. Sijachora duara la tatu, Mmaasai mmoja mtu mzima akaja akasimama juu yangu, kivuli chake kikafunika karatasi.

"Wewe binti ya Karatu, unahesabu ng'ombe ya watu?"

"Hapana, mzee. Nachora maji tu. Maji na zamu."

"Maji chora. Ng'ombe yangu usiweke kwa karatasi."

"Siweki, mzee. Hata kwetu hatuhesabu ng'ombe za watu."

Akaridhika, akaenda. Na mimi niliahidi kwa moyo wote, maana ndivyo nilivyolelewa. Ningeona haya kufanya vingine. Nikachora pampu ikiwaka na ikizimwa, mbauti ikijaa, ikiwa nusu, ikikauka, zamu ikiwa juu na zamu ikiwa chini. Kwenye kila duara niliacha pembe moja tupu, pembe ya makundi. Nilisema moyoni nitaijaza nyumbani kwa herufi, zisizo ng'ombe za mtu yeyote.

Nyumbani sikuijaza. Kila nilipochukua kalamu niliona kama namgeuka yule mzee, nikaiacha kwanza. Halafu maharage yakawa yamekauka shambani na mama akaniita kupura, na niliporudi kwenye karatasi zangu siku zilikuwa zimekwenda. Nikaanza kukagua bila kukumbuka kuijaza ile pembe. Sharti langu kubwa lilikuwa hili: kila kundi linalosubiri, mwishowe litakunywa. Nikapitia duara la kwanza. Kuna kundi linalosubiri? Pembe tupu, hakuna. Basi sharti linashika. Weka alama ya kweli. Duara la pili, hakuna, kweli. Nikaenda hivyo, mkono mwepesi, alama zikipangana vizuri, mpaka duara la mwisho. Hakuna kilichokataa. Nilijisikia mtu kwa mara ya kwanza tangu matokeo yabandikwe. Nikatoka nje na karatasi nikamwambia baba na mjomba, waliokuwa wamekaa uani wakinywa chai, kwamba nimethibitisha kwa hesabu kuwa kwa mpangilio ule hakuna kundi litakalokosa maji Olbalbal.

Baba alizishika zile karatasi kwa mikono miwili. Hakuzielewa, lakini alizitazama zote, moja baada ya nyingine, na kunirudishia zikiwa zimenyooka. Mjomba yeye akapiga paja. "Nilisema! Nilisema huyu hajafeli, wamemfelisha!"

Wiki iliyofuata akanichukua tena. Nilienda kwa kujitakia, nikiwa nimevaa gauni la kanisani. Tulipofika watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, ng'ombe wamekonda, mwendesha pampu amekasirika. Sauti zilikuwa zimeshapanda kati ya watu wa juu na watu wa chini. Mjomba akasimama kwenye ngazi ya lori, akapiga makofi.

"Jamani, msigombane! Huyu binti wa dada yangu anasoma chuo kikuu. Amepiga hesabu za kompyuta. Kila anayesubiri hapa atapata maji. Si maneno yangu, ni hesabu. Njoo mama, waonyeshe."

Walinyamaza kweli. Mtu mmoja akawatafsiria wengine kwa Kimaa, na kuna waliokaa chini, wakaacha kusukumana. Mama mmoja wa makamo mwenye punda wawili, aliyekuwa kwenye kundi la wanawake tangu asubuhi, akanijia na debe mkononi. Akanisalimu kwa heshima, kama mtu anavyomsalimu nesi.

"Sasa mimi napata leo?"

Nikafungua karatasi nimwonyeshe. Nilikusudia kuweka kidole kwenye duara ambalo kundi linasubiri, kisha nifuate mishale mpaka pale linapokunywa. Nikatafuta duara hilo. Nikageuza ukurasa. Zamu juu, pampu inawaka, pembe tupu. Zamu chini, mbauti nusu, pembe tupu. Nikageuza tena ingawa nilikuwa nimeshajua. Hapakuwa na mtu anayesubiri kwenye karatasi zangu zote. Hapakuwa na hata mshale mmoja wa mtu kufika. Nilikuwa nimewathibitishia maji makundi yote ya mahali pasipo na kundi, na nilikuwa nimeweka alama ya kweli kwa mkono wangu mwenyewe, duara baada ya duara, mimi niliyesimama darasani nikasema hilo ni tusi.

"Endelea, binti," mjomba akasema kutoka kwenye ngazi.

"Hamna kundi," nikasema.

"Nini?"

"Kwenye mchoro, mjomba. Sikuweka kundi. Hesabu haimhusu mtu yeyote hapa."

Nilisema kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, na yule mtafsiri akatafsiri. Sijui alisemaje, lakini kulikuwa na kicheko kifupi upande wa vijana, na yule mzee aliyenikataza akatikisa kichwa bila kunitazama. Hawakunitukana. Wangenitukana ningepata cha kujibu. Walirudi tu kwenye mistari yao, na kwa kuwa watu wa chini walikuwa wamekaa wakinisikiliza, watu wa juu walikuwa wameshaingiza kundi lingine. Alasiri dizeli ikaisha. Yule mama akafunga madebe yake juu ya punda, matupu, yakigongana, akashika njia.

Njiani mjomba hakuimba kama alivyozoea. Tulipofika kwenye ukungu nilianza kulia, na yeye, akiwa ameinama juu ya usukani akitafuta barabara, akaniuliza kwa upole ambao sikuujua kwake ni nini hasa. Nikamwambia yote. Nikamwambia mpaka swali la mwalimu, na kwa nini lilinishinda, na kwamba leo nimelifanya lilelile kwa watu wenye kiu. Mjomba alikuwepo kwenye ile harusi.

Nyumbani nilichora upya. Safari hii niliweka kundi moja la kubuni juu na moja chini, nikaweka mishale ya kufika. Sharti likavunjika mapema tu: kuna njia ambayo wa juu wanaingia tena na tena, na wa chini wanasubiri bila mwisho. Mwalimu angefurahi, nilijua. Kosa lililoonyeshwa njia yake lina alama nyingi. Lakini ilinibidi pia nieleze mchoro wa kwanza ulinidanganyaje, na hapo sikuwa na pa kukwepea. Kama maneno juu ya asiyekuwepo yangekuwa uongo, kama nilivyokuwa nimeshikilia, mchoro wangu ungenikatalia kwenye duara la kwanza. Haukukataa. Ulisema kweli, kweli, kweli, na kila mara ilikuwa kweli, na haikumfaa mtu. Mwalimu alikuwa sahihi, na nilichukia kuliandika hilo kuliko nilivyochukia kufeli.

Siku moja kabla ya kuondoka nilimkuta baba akifunga miiba kwenye ua wa zizi. Yule ng'ombe wa kutunziwa alikuwa nje malishoni. Nikamshikia kamba.

"Hujaniambia bado," akasema. "Walikuuliza nini?"

Nilikuwa nimejiandaa. "Waliuliza hivi, baba. Kuna mtu hana mtoto. Ukisema watoto wote wa mtu huyo ni warefu, umesema kweli au uongo?"

Alivuta fundo mpaka likakaza. "Mjomba wako aliniambia ni ng'ombe."

Niliangalia mikono yangu na ile kamba.

"Ukajibu nini?"

"Nikajibu uongo."

"Na jibu lenyewe ni nini?"

"Baba, hiyo ni hesabu tu, haina maana ya..."

"Nimekuuliza jibu."

"Ni kweli. Jibu ni kweli."

Alifunga mwiba mwingine. Nilidhani yameisha. "Kwa hiyo yule bwana," akasema, "siku ile harusini. Alisema kweli."

Ningeweza kusema hapana. Mdomo huu uliojibu watu maisha yake yote ungeweza kupata la kusema. Lakini alikuwa ananitazama kama alivyozitazama zile karatasi, akitaka kuelewa mtoto wake amesoma nini.

"Ndiyo, baba. Alisema kweli."

Akaitikia kwa kichwa mara chache, kama mtu aliyeambiwa bei. "Basi ukaandike hivyohivyo," akasema. "Usibishane nao tena kwa ajili yangu. Andika kweli, upite."

Mwezi wa tisa swali lilikuja. Ng'ombe hawakuwemo, mwalimu alikuwa amebadilisha mfano, lakini mimi nililisoma kama lilivyokuwa mwanzo. Niliandika "kweli", nikaeleza kwa nini, mistari michache safi bila hasira hata kidogo, na nikapewa alama zote.